Bunduki moja kwa nyama wote wakubwa? Kwanza tuweke mpaka

Kiangazi kimefika, majani yanakauka kandokando ya ziwa, na mabishano ya kila mwaka yamerudi bandarini na kwenye vituo vya pikipiki. Swali ni lile lile: kama mtu angepewa ruhusa ya kununua bunduki moja tu ya kuwinda nyama wakubwa, achague kalibre gani? Vijana wanataja namba walizoziona kwenye simu: 30-06, 375, 416, 458. Wazee wanacheka na kusema kalibre 12 iliwatosha baba zao. Na pembeni wamekaa wale wasiosema kitu, kwa sababu wana pupu nyumbani na hawataki mtu ajue.

Wandugu wasomaji, leo natoa maoni yangu bila kuzunguka. Jibu langu ni 375, ile ambayo jina lake kamili ni 375 Holland & Holland Magnum. Lakini jibu hilo lina nusu ya pili, na najua wengi hawataipenda: yeyote asiye na bunduki ya kipimo hicho pamoja na permi ya kuitumia, amwache nyama mkubwa apite. Kuchagua kalibre si kuchagua nguvu tu. Ni kukubali kwamba kuna nyama ambaye huna haki ya kumpiga na kitu ulicho nacho mkononi.

Tuanze na nyama wenyewe, maana bunduki huchaguliwa kwa kumtazama nyama. Ziwa letu lilizaliwa na ukuta wa Mwadingusha uliozuia maji ya Lufira, na kiwanda chake cha umeme kilianza kazi 1930 kwa ajili ya migodi. Tangu hapo watu wa Tshangalele wanajulikana kwa samaki zaidi kuliko kwa uwindaji. Pori la miombo limekatwa kwa ajili ya makala na mashamba. Wanaobaki karibu nasi ni swala wadogo wa vichakani, wenye kilo 12 hadi 25, nguruwe wa pori wenye kilo 60 hadi 100, kanga, na bata wa majini. Halafu kuna wazito: mamba, kiboko ambaye dume lake hupita kilo 1,500 bila shida, na mbali zaidi nyati, mwenye kilo 500 hadi 800. Tembo simhesabu hapa. Sheria inamlinda kabisa, na hakuna mazungumzo juu yake. Vilevile hatuhesabu mbuga za Upemba, iliyoanzishwa 1939, na Kundelungu, iliyoanzishwa 1970. Humo hakuna kuwinda, hata kama mtu ana bunduki ya dhahabu.

Basi bunduki moja ya kazi zote, kwa mtu wa huku, ina maana hii: iweze kumwangusha swala au nguruwe bila kuharibu nyama yote ya sufuria, na iweze kumsimamisha nyati au kiboko siku ambayo mwenye mamlaka ameamua kwamba hakuna njia nyingine.

Namba za kalibre zinachanganya watu, kwa hiyo tuzifungue kidogo. Hesabu ya 12 inatoka katika desturi ya zamani ya Waingereza. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453, ukaigawa katika mipira 12 iliyo sawa, kila mpira una upana wa mtutu wa kalibre 12. Ndiyo maana kalibre 16 ni nyembamba kuliko 12. Upana wa mtutu wa 12 ni milimita 18 na nusu. Hesabu ya 375 ni nyingine kabisa: ni sehemu za elfu za inchi, ambazo ni milimita 9 na nusu.

Hapo mzee wa kalibre 12 anainuka na kusema, "Basi yangu ni pana karibu mara mbili!" Ni kweli, baba. Lakini chukua jiwe na msumari. Tupa jiwe kwenye ubao: litapiga kelele kubwa na kuanguka chini. Gonga msumari kwa nyundo: utaingia mpaka upande wa pili. Kwa nyama mkubwa, upana wa tundu kwenye ngozi hausaidii kitu kama risasi haikufika kwenye moyo, mapafu au ubongo. Kinachotafutwa ni kina.

Kartushi ya 12 hutupa gramu 30 na kitu za marisawa kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Kwa kanga na bata sioni bunduki bora kuliko hiyo. Marisawa makubwa yatamwangusha swala mdogo, hata nguruwe, akiwa karibu, hatua 20 au 30. Kuna pia kartushi yenye risasi moja nene. Hiyo inapiga kwa nguvu, lakini ni ya madini laini, ni pana, na inakwenda polepole. Ikikutana na ngozi na mfupa wa bega la nyati, inabonyea kabla ya kufika mahali panapoua. Nyati anaondoka nayo mwilini.

Risasi ya kawaida ya 375 ina gramu 19 na hutoka kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ni ndefu, nyembamba, na imevikwa shaba, madini ambayo sisi watu wa Likasi hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo msumari wetu. Inavunja mfupa na bado inaendelea.

Sasa tuzungumze juu ya pupu, maana huko ndiko hatari yetu kubwa iliko. Bunduki za kushindilia baruti mdomoni si kitu kipya Katanga. Karne ya 19 misafara ilizileta mpaka Bunkeya, kwa Msiri, ambaye alibadilisha pembe za tembo na shaba kwa bunduki na baruti mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Pupu ya leo ni mjukuu wa zile, lakini mjukuu aliyedhoofika: bomba la chuma ambalo halikutengenezwa kwa moto wa baruti, baruti ya kukisia, na vipande vya chuma badala ya risasi. Mara nyingine bomba hupasuka, na anayeumia ni mwenyewe, vidole na macho. Likikubali kulia, vipande vinatawanyika na kuishia kwenye mafuta ya nyama.

Kuna anayesema kwamba ukiongeza baruti na ukubwa wa risasi, hata bunduki ya kushindilia inaweza kumwangusha nyama yeyote. Wazungu waliokuja kutafuta pembe walijaribu hilo kabla yetu. Frederick Selous, yule ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la Tanzania, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 na bunduki za kushindilia zilizotupa risasi ya robo ratili, gramu zaidi ya 110. Ziliua, ndiyo, lakini zilimpiga yeye mwenyewe begani vibaya sana, na alijuta baadaye kwamba aliwahi kuzitumia. Alizihama mara alipopata bunduki nyepesi zaidi zenye risasi iliyokwenda ndani. Kama mtu wa kazi hiyo aliziacha zaidi ya miaka 100 iliyopita, sisi tunazishikia nini?

Kundi la tatu ni bunduki za vita. Tangu vita vya 1996 na 1998 zimekuwa nyingi nchini, na kuna wanaoamini kwamba bunduki iliyotisha vijiji itamtisha na kiboko. Hesabu inakataa. Risasi ya kawaida ya AK-47 ina gramu 8, na nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 2,000. Ya 375 inapita jouli 5,500. Ile ya kwanza ilibuniwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Ukimpiga nyati risasi kumi za namna hiyo, umemtia madonda kumi na hasira moja. Na kwa raia kuwa nayo ni kosa, hata asipoua panya.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Nyama aliyejeruhiwa hakutani na yule aliyempiga. Aliyempiga amekimbia, au amelala nyumbani anangoja kufuata damu kesho. Anayekutana naye ni mama anayekwenda kutafuta kuni, mtoto anayekata njia kwenda shule, mvuvi aliye peke yake ndani ya mtumbwi kabla jua halijatoka. Nyati mwenye risasi tumboni hujificha kwenye majani marefu na kungoja. Kiboko mwenye donda hapendi kuona mtumbwi karibu. Kalibre ndogo mikononi mwa mtu mmoja inakuwa deni la kijiji kizima, na deni hilo hulipwa na mtu ambaye hakula hata kipande cha nyama hiyo.

Kwa nini basi 375, na si nyingine? Ilitoka London 1912, na mpaka leo, baada ya zaidi ya miaka 110, bado viwanda vingi vinatengeneza risasi zake. Hilo si jambo dogo: bunduki isiyo na risasi madukani ni fimbo ya bei kubwa. Pili, inakubali risasi za uzito mbalimbali, kuanzia gramu 15 mpaka 19. Tatu, kuna risasi laini, ambayo hufunguka kama uyoga ndani ya mwili na kumwangusha swala mkubwa mahali pale pale, na kuna risasi ngumu isiyofunguka, ya kupita mfupa mnene. Risasi hiyo ngumu ukimpigia nyama mdogo inapita na kuacha tundu dogo, bila kuharibu mapaja na mgongo. Nne, inaruka karibu sawa na 30-06, kwa hiyo mtu hana haja ya kujifunza upya kila akibadilisha umbali wa shabaha.

Nchi jirani zimefikia mahali hapo hapo. Tanzania, ambako uwindaji wa kulipia ni kazi kubwa ya serikali, kipimo cha chini kwa nyama hatari ni 375. Hawakukiweka ili kuwapendelea matajiri. Walikiweka kwa sababu ya wafuata nyayo na wabeba mizigo wanaotembea mbele ya mwenye bunduki.

Wapinzani wa 375 wana hoja, tuzisikilize. Wa kwanza ni watu wa 30-06. Hiyo ilizaliwa 1906 katika jeshi la Marekani, risasi zake zinapatikana dunia nzima, na kwa swala wote na nguruwe inatosha kabisa. Kama mtu anaapa kwamba hatampiga kamwe nyati wala kiboko, achukue hiyo na bega lake litamshukuru, maana teke la 375 ni karibu mara mbili ya lake. Lakini swali letu lilikuwa bunduki moja kwa nyama wote wakubwa.

Wa pili ni watu wa milimita 9.3, yaani 9.3x62. Nawaheshimu sana hawa. Fundi Otto Bock wa Berlin aliibuni 1905, akiwafikiria walowezi wa Kijerumani waliokuwa Afrika na mfuko mwepesi: bunduki ya kawaida ya Mauser, bei nafuu, na risasi ya gramu 18 na nusu. Inaikaribia 375 kwa kazi. Mtu akiikuta, yenye hali nzuri na makaratasi kamili, sitabishana naye sana. Naiweka ya pili kwa sababu moja tu: 375 inaandikwa katika sheria za nchi nyingi kama mpaka wa chini, na risasi zake ni rahisi zaidi kuzipata upande huu wa Afrika.

Wa tatu ni watu wa 458. Ilitoka Marekani 1956, risasi yake ni gramu 32, na iliundwa hasa kwa ajili ya tembo na nyati kwa karibu. Ni bunduki ya heshima. Lakini kwetu ni bunduki ya kumpiga nyama ambaye sheria imekataa asipigwe. Kwa swala ni kubwa mno, kwa mbali inashuka haraka, na teke lake linamfanya mtu afumbe macho kabla ya kuvuta. Anayefumba macho anajeruhi, hata akishika mzinga.

Halafu kuna hoja ya Bell, ambayo vijana wanaipenda. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Alipita pia Lado, sehemu iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Wengi wa tembo hao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, risasi ya gramu 11. "Unaona?" wanasema. "Kalibre si kitu." Ndiyo, ninaona. Naona pia mambo wasiyoyasema. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Alitumia risasi ngumu tu. Alifanya mazoezi kila siku, na tembo wa wakati ule hawakuwa wamezoea kukimbia mlio wa bunduki. Mtu wa huku anayevuta bunduki mara nne kwa mwaka, kwa sababu kila kartushi ina bei ya chakula cha siku kadhaa, si Bell. Hata 375 haitamwokoa kama hajui moyo wa nyati umekaa chini kiasi gani ndani ya kifua.

Sasa hoja nzito kuliko zote, ile ya mfuko. "Mwandishi, unatuambia 375. Nani Tshangalele ana feza ya kununua 375?" Swali ni la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Karibu hakuna. Bunduki ya namna hiyo, na makaratasi yake, inazidi mtumbwi, nyavu na pikipiki vikiwekwa pamoja. Lakini umaskini haubadilishi mfupa wa nyati ukawa laini. Kama hatuwezi kununua kitu kinachotosha, jibu halitakuwa kutumia kisichotosha. Jibu ni kutompiga.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nawaomba mashefu, watu wa mazingira wa teritware ya Kambove, na wawindaji wenyewe wayajadili kabla moto wa pori haujaanza.

La kwanza: kila mwenye permi ya kalibre 12 abaki na nyama wa kalibre 12. Kanga, bata, swala mdogo, nguruwe wa karibu. Hakuna aibu ndani yake, na sufuria haiulizi kalibre.

La pili: badala ya pupu nyingi zilizofichwa, iwepo bunduki moja ya 375 chini ya mkono wa serikali, kwa ajili ya kiboko au mamba ambaye kweli amekuwa hatari kwa watu. Mikono iwe michache, iliyofundishwa na kupimwa kwa shabaha mbele ya mashahidi, na kila risasi iandikwe kwenye daftari: nani ameipiga, siku gani, kwa amri ya nani. Sheria ya uwindaji ya 1982 na ile ya silaha ya 1985 zimekwisha kusema kwamba kuwinda kunataka permi na bunduki inataka ruhusa. Hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji zile za zamani zifike mpaka ziwani.

La tatu: mtu yeyote atakayejeruhi nyama mkubwa, awe na permi au hana, aseme siku hiyo hiyo kijijini, ili watu wajue upande gani wasipite. Na mashefu wakubaliane kwamba anayesema mapema hatatendewa kama yule aliyenyamaza mpaka mtu akaumia. Bila hilo, hofu ya faini itaendelea kuwaziba watu mdomo.

Kuna watakaosema nataka kuua uwindaji. Hapana. Kenya ilifunga uwindaji 1977, na mpaka leo huko hakuna tena mabishano juu ya kalibre, kwa sababu hakuna ruhusa ya kuwinda nyama wakubwa. Nchi haifiki hapo kwa siku moja. Hufika hapo nyama wakipungua na kila mtu akisema mwenye kosa ni mwingine. Mwindaji anayejiwekea mpaka leo ndiye anayemtunzia mtoto wake nafasi ya kuwinda kesho.

Basi kesho mkikutana tena bandarini na mabishano yakianza, ongezeni swali moja kabla ya kutaja namba: nyama huyu, nikimpiga na hiki nilicho nacho, ataanguka hapa, au ataanguka juu ya mtu wa kijiji changu? Asiyekuwa na uhakika wa jibu aishushe bunduki yake.

Mwandishi wenu wa Tshangalele